Amplifaya ya Babu na pazia la kitenge

Jumapili ya kwanza ya mwezi huu Babu alishuka kwenye bajaji getini kwangu, Moshono, Arusha, amepakata mzigo umeviringishwa blanketi kama mtoto mchanga.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, Mwalimu. Njoo ushike upande huu, taratibu, usiishike kwa vitufe."

Ndani ya blanketi kulikuwa na amplifaya, mashine ya kukuza sauti kabla haijafika kwenye spika, Sansui AU-717 ya mwishoni mwa miaka ya 1970, uso mweusi, wati 85 kila upande. Babu ameitafuta mwaka mzima. Mwishowe aliipata kwa mtu anayeleta vifaa vya mtumba kutoka Japani, akatoa laki nne na nusu, na elfu sitini nyingine ya transfoma, kwa sababu kifaa cha Japani kinataka volti 100 na ukutani kwetu zinatoka 230. Mkononi alikuwa na mfuko wa sahani za santuri ambazo hazimtoki hata akienda kwa mkwewe.

Tuko watano. Babu alikuwa dereva wa magari ya watalii, sasa amestaafu na anaishi Kijenge. Mangi ana duka la vipuri vya pikipiki Ngarenaro. Dada wa Kwaya anafundisha waimbaji kanisani kwao Sakina. Fundi ni kijana anayetengeneza redio na televisheni karibu na soko la Kilombero, na mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari. Mwezi ukianza, ibada zikiisha na watu wakishakula, tunakutana saa tisa alasiri. Mmoja analeta spika, mwingine amplifaya, mwingine sindano mpya, tunaunganisha, tunasikiliza, tunabishana. Chai ya tangawizi inakaa kwenye chupa, maana Arusha ukianza mwezi wa sita huwezi kukaa saa tatu bila kitu cha moto mkononi.

Tukaiweka Sansui kando ya amplifaya yangu, NAD 3020. Hii yangu ni ndogo, ya aina iliyotoka mwaka 1978, wati 20 tu, niliachiwa na marehemu baba. Tukapiga wimbo mmoja kwenye NAD, halafu uleule kwenye Sansui, kitufe cha sauti tumekiweka mahali ambapo sote tuliona ni sawa. Mangi alikuwa wa kwanza kupiga paja. "Hii inapumua!" Dada akasema waimbaji wamesogea mbele. Babu hakusema kitu, alifumba macho tu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefika nyumbani. Na mimi niliisikia tofauti hiyo. Matoazi yalikuwa wazi zaidi, gitaa la solo lina makali, besi imeshiba. Kama mtu angenitaka niape pale pale, ningeapa.

Ila nilikuwa na kumbukumbu ya mashine ya Mangi.

Mwaka jana shemeji yake Mangi alimtumia kutoka Marekani mashine ya santuri, ya aina inayozungushwa na mkanda wa mpira. Kule umeme ni volti 120, kwa hiyo Mangi akanunua transfoma, akaichomeka, ikazunguka vizuri kabisa. Akaileta kwangu tukaipigia sahani ya zamani ya dansi. Tukaipenda sote. Tulisema mwimbaji ana kifua, tulisema besi inatoka chini ya ardhi, tulisema mashine za sasa hazina utulivu huu. Babu aliita ile sauti dhahabu. Tumesikiliza hivyo karibu saa nzima.

Dada wa Kwaya siku hiyo alichelewa. Aliingia, akakaa, hata kikombe hajashika, akasema, "Mbona mmemshusha huyu mtu?" Tukamwuliza kumshusha vipi. Akatoa simu, akafungua programu ya kinanda, akabonyeza. "Wimbo huu nimeukuta kwenye kanda ya baba, nimeuimba tangu nikiwa darasa la tatu. Uko kwenye ufunguo wa G. Hapa uko kwenye E."

Nilihisi damu imenipanda usoni, kwa sababu jibu ninalifundisha kila mwaka. Transfoma inabadilisha volti, lakini hezi, yaani mapigo kwa sekunde, haizigusi. Mota ya mashine ile inafuata mapigo ya umeme. Kwao yanakuja 60 kwa sekunde, kwetu 50. Sahani iliyotakiwa kuzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika ilikuwa inazunguka chini kidogo ya 28. Wimbo wa dakika nne ulichukua karibu dakika nne na sekunde 48, na sauti zote zilikuwa zimeshuka nusu toni tatu. Kile tulichokiita kifua na utulivu kilikuwa ni mwendo wa kobe.

Tulilitengeneza, na kazi hiyo naikumbuka kwa furaha. Puli ya mota, kile kigurudumu kinachovuta mkanda, ilikuwa na kipenyo cha milimita 10. Ukigawanya 60 kwa 50 unapata 1.2, kwa hiyo tulihitaji puli ya milimita 12. Fundi akaipeleka kwa mkereza vyuma Unga Limited, ikatoka ya shaba, inang'aa. Kuhakikisha, nilichukua kipimapembe cha ubaoni nikachora duara kwenye karatasi ngumu na mistari 180, mmoja kila nyuzi mbili. Taa ya tyubu kwenye umeme wetu inapepesa mara 100 kwa sekunde, jicho halioni, lakini ukiiweka ile karatasi juu ya sahani inayozunguka mara 33 na theluthi chini ya taa hiyo, mistari inaonekana imesimama. Ikizunguka haraka au polepole, mistari inatambaa. Tuliinama watano juu ya karatasi, taa ya tyubu ya jikoni imeshikwa na binti yangu, na mistari ikasimama kama askari. Mangi alipiga makofi.

Tangu siku hiyo siwezi kuamini sifa ya haraka, hata ikitoka kinywani mwangu. Ndiyo maana, wakati wenzangu wanaizunguka Sansui, mimi nilikuwa nawaza juu ya mita.

Kwetu, kumwambia mzee kwamba sikio lake limemdanganya si jambo la kulisema huku umekaa. Nilisimama, nikamjazia chai, nikamwambia, "Babu, naomba ruhusa nipime kidogo. Si kwamba nina shaka na amplifaya yako. Nina shaka na vitufe." Akanitazama kwa muda. "Pima, mwanangu. Gari nalo hupimwa."

Nikapiga mlio mmoja mtulivu wa hezi 100 kutoka kwenye simu, nikaupitisha kwenye amplifaya zote mbili kwa zamu, na kuweka ncha za mita kwenye nyaya za spika. Nilichagua mlio wa chini kwa makusudi, maana mita za bei nafuu kama yangu hupoteza usahihi masafa, yaani hezi za mlio, yakipanda. NAD ilitoa volti 2.00. Sansui, pale pale ambapo masikio matano yalikubaliana kuwa ni sawa, ilitoa 2.36. Kwa desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti, hiyo ni 1.4 zaidi.

Desibeli moja na nukta nne mtu haisikii kama sauti kubwa, na hapo ndipo hatari ilipo. Anaisikia kama sauti bora. Sikio letu halisikii masafa yote kwa usawa. Sauti ikipanda kidogo, besi na milio ya juu kabisa hujitokeza zaidi, na akili inakuletea maneno ya "wazi" na "imeshiba". Nilivyosikia matoazi yamefunguka, matoazi hayakufunguka. Yaliongezewa sauti pamoja na kila kitu kingine.

Kuna jambo la pili lililojitokeza kwenye mita, na Fundi ndiye aliyeliona. Volti mbili kwenye spika ya omu nane ni nusu wati. Nusu! Tulikuwa tunasikiliza kwa sauti ambayo jirani anaisikia vizuri, tukitumia nusu wati kwenye ule mlio. Muziki una vilele, dramu ikipigwa inaweza kutaka mara kumi ya hapo au zaidi, lakini bado ni wati tano tu. Wati 85 za Sansui na wati 20 za NAD zote zilikuwa zimelala. Na hata zikiamka zote, tofauti ya 85 na 20 ni kama desibeli sita, wakati sikio linahitaji kama kumi ili liseme sauti imekuwa kubwa mara mbili. Babu alisikiliza hesabu hiyo mpaka mwisho, mikono nyuma, kama anavyosikiliza injini.

Nikashusha Sansui mpaka 2.01. Halafu tukatundika kitenge.

Kitenge ni cha kwangu, cha rangi ya bluu, tulikifunga kwenye kamba kutoka dirishani mpaka kwenye msumari wa kalenda. Nyuma yake walikaa Fundi na binti yangu, pamoja na amplifaya zote mbili na kisanduku cha swichi ambacho Fundi alikitengeneza. Kisanduku hicho kinakata nyaya zote mbili za kila spika, chanya na hasi, na kinaachia amplifaya moja kabla ya kushika nyingine, maana ukiziunganisha mbili kwa wakati mmoja unaweza kuunguza zote. Binti alirusha sarafu ya shilingi mia. Ikianguka Mwalimu Nyerere, apige Sansui. Ikianguka swala, apige NAD. Aliandika kila mrusho kwenye daftari na hakuruhusiwa kusema neno, hata kukohoa.

Kila mmoja wetu wanne alisikiliza mara kumi, kwa muda autakao, na kabla ya kila mara alisikilizishwa zote mbili akiambiwa ipi ni ipi. Tulikubaliana mapema: anayepata tisa au zaidi, tutasema anasikia tofauti. Kwa kubahatisha tu, mtu hupata tisa au kumi mara 11 katika 1,024, yaani takriban mara moja katika mia. Sita au zaidi kwa kubahatisha ni jambo la kawaida, hutokea zaidi ya mara moja katika tatu.

Dada alipata sita. Mimi tano. Mangi nne.

Babu alitaka awe wa mwisho. Alivua kofia, akaiweka gotini. Alichukua muda mrefu kuliko sisi wote. Mara ya saba aliomba arudishiwe mara tatu. Chai yake ilipoa na utando ukashika juu. Nilikuwa natamani apate kumi, kwa moyo wote nilitamani, ingawa nilijua hesabu. Binti alipofunua kitenge na kusoma daftari, ilikuwa tano.

Hakuna aliyesema kitu. Mangi aliangalia nje kana kwamba Mlima Meru umehama. Nilitafuta neno la kumwambia mzee na sikulipata, kwa sababu kila neno lililonijia lilikuwa la kumpooza, na Babu si mtu wa kupoozwa. Ndipo yeye mwenyewe akasema, "Sasa hii ndiyo habari. Miaka yote nimekuwa nikinunua sauti kubwa nikidhani nanunua sauti nzuri." Akavaa kofia. "Na hii Sansui siiuzi. Ni nzuri kuitazama, vitufe vyake vinazunguka kama siagi, na nimeitafuta mwaka mzima. Lakini Mwalimu, kama si amplifaya, basi ni nini? Maana kwangu Kijenge muziki unanguruma, na hapa kwako pia unanguruma."

Swali hilo ndilo lililoifanya siku hiyo. Nasema wazi kwamba jaribio letu halikuhukumu amplifaya zote duniani. Tulipima mbili, nzima zote, kwa sauti ya sebuleni, kwenye spika rahisi kuendesha. Ukizisukuma mpaka ukingoni, ile ya wati 20 itaanza kukwaruza kwanza. Lakini hatusikilizi hivyo, na tofauti ya laki nne na nusu hatukuisikia. Kunguruma tulikusikia sote.

Nikapiga kofi moja katikati ya sebule. Wewe uliye kwenye nyumba ya tofali za saruji, sakafu ya marumaru na madirisha ya aluminiamu, jaribu sasa hivi: utasikia kofi linarudi ta-ta-ta-ta kutoka ukuta mpaka ukuta. Hilo ni tatizo la milio ya juu. La besi ni kubwa zaidi. Sebule yangu ina urefu wa mita 4.3. Sauti inakwenda kama mita 343 kwa sekunde. Ukiigawanya kwa mara mbili ya urefu huo unapata karibu hezi 40. Hapo ndipo chumba chenyewe kinapoivimbisha besi. Na waya mnene kabisa wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, ni hezi 41. Yaani kila mpiga besi akigusa waya huo, kuta zangu zinaitikia pamoja naye na kumfunika.

Spika zilikuwa kwenye shokesi, zimegusa ukuta, kama zilivyo kwenye nyumba zote ninazozijua. Kochi nalo liko ukutani upande wa pili, mahali ambapo besi hiyo ina nguvu kuliko pote. Tulizitoa spika. Tuliziweka juu ya viti viwili vya mbao, sentimita 70 kutoka ukutani, kisha tukasogeza kochi mbele hatua moja. Tukatandika mkeka na zulia la chumbani. Kitenge hatukukishusha, tulikihamishia dirishani.

Kwa kupanga nafasi, Babu alitoa sahani ndogo ya Simba Wanyika. Wenye umri wake wana sababu ya kuwapenda. Kina Kinyonga, Wilson na George, walikuwa na Arusha Jazz hapa mjini kabla ya kuvuka kwenda Mombasa, ambako mwaka 1971 walianzisha Simba Wanyika. Sahani ile ilikatwa Nairobi, ni mono, yaani spika zote mbili zinapewa sauti ileile, na mono ni kipimo kizuri sana: mwimbaji anatakiwa asimame katikati kabisa ya spika mbili. Akiegemea upande mmoja, sogeza spika. Mangi alisogeza ya kushoto kidole kimoja kimoja, Dada anaelekeza kwa mkono kama anavyoongoza kwaya, mpaka sauti ikasimama juu ya chupa ya chai.

Halafu tukageuza upande wa pili. Mnaojua sahani hizi mnajua kwamba wimbo ulikuwa haukai upande mmoja, unakatwa katikati. Maneno yanakaa upande wa kwanza, na chemko lote, pale wimbo unapochangamka, upande wa pili. Sindano ikashuka, ikakwaruza kidogo, na magitaa yakaingia. Gitaa la besi, ambalo miaka yote nimelijua kama mngurumo chini ya wimbo, lilikuwa linatembea. Noti moja, nyingine, kimya kifupi, nyingine. Nilisikia kidole kinaachia waya.

Babu aliinama mbele. "Huyu mtu alikuwa wapi siku zote?"

Hatukuhitaji sarafu wala daftari. Tulirudisha spika kwenye shokesi mara moja tu kuhakikisha, mngurumo ukarudi, tukazitoa tena. Viti viwili vya mbao na mkeka! NAD au Sansui, haikujalisha. Tulimaliza jioni kwa Sansui, kwa sababu ni ya mgeni na inastahili heshima hiyo, mpaka saa moja na nusu umeme uliposhuka chini ya volti 200 na stebilaiza ikaanza kulia.

Jumatano usiku simu yangu iliita. Babu. Amesogeza kabati la sebuleni peke yake, na Bibi amekubali kwa wiki moja. Amepima chumba kwa kamba na anataka nimkokotolee hezi. Kabla sijatafuta kalamu akasema, "Ngoja, sikiliza kwanza," akaiweka simu karibu na spika. Simu haipitishi besi. Kilichonifikia ni magitaa membamba, sauti ya mwimbaji, na Babu mwenyewe akigonga mdundo mezani kwa vidole. Nilikaa kitandani nikamsikiliza mpaka sahani ikaisha.